Wanaouliza Bei

Tarehe 25 Aprili 2008, katika mji wa Gaithersburg, Maryland, jopo la wataalamu wa macho liliitwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, kusikiliza watu waliofanyiwa LASIK. Huu ni upasuaji wa leza unaochonga konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, ili mtu aweze kuachana na miwani. Wapo waliofika kushukuru. Wapo pia waliosimulia macho yaliyokauka yakawasha mchana kutwa, na miale inayozizunguka taa za magari usiku hadi wakaacha kuendesha. Familia nazo zilizungumza, na simulizi zao zilikuwa nzito kuliko zote, kwa sababu ziliwahusu ndugu waliojiua.

Miezi mitano baadaye benki ya Lehman Brothers ilianguka, na Wamarekani wakaanza kubana matumizi. LASIK iligharimu takriban dola 2,000 kwa jicho moja, na bima kwa kawaida hazikuilipia. Desemba 2009, TLC Vision, mojawapo ya kampuni kubwa zilizoendesha vituo vya upasuaji huo Amerika Kaskazini, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake.

Je, watu walikuwa wameiogopa LASIK, au walikuwa wameishiwa pesa? Swali hilo lilikuwa na thamani kubwa kwa madaktari wa macho. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha jaribio la kulijibu bila kumhoji hata mgonjwa mmoja. Walichukua kumbukumbu za maneno ambayo watu huandika kwenye Google, wakafuatilia jina la LASIK wiki baada ya wiki, na wakakuta kwamba kati ya 2007 na 2011 utafutaji wake nchini Marekani ulipungua kwa asilimia 40.

Asilimia 40 ni nyingi. Ila kabla ya kuikubali, inafaa kujua imepimwa kwa mizani gani.

Madaktari hutenganisha upasuaji wa dharura na upasuaji wa hiari, na huu wa pili watu wengi huuchukulia kuwa ni anasa. Si hivyo. Goti bandia kwa bibi asiyeweza tena kupanda ngazi ni upasuaji wa hiari, kama ulivyo wa mtoto wa jicho, wa ngiri isiyobana, wa kufunga kizazi, na kama ilivyo tohara ya hospitalini. Maana yake ni kwamba tarehe inapangwa. Kidole tumbo kilichovimba hakimsubiri mtu apokee mshahara. Goti linasubiri, hata miaka. Na kwa kuwa linasubiri, mwenye goti ana muda wa kusitasita, kulinganisha hospitali na kusikiliza ya majirani. Siku hizi, kabla hajamwambia hata mwenzi wake, huwa ameshauliza simu.

Hapo ndipo watafiti walipoona mwanya. Takwimu za upasuaji wa kulipia huchelewa. Vyama vya madaktari hutoa hesabu zao mara moja kwa mwaka, na vituo binafsi havina haraka ya kuwaonyesha washindani wao vitabu vyake. Google Trends, huduma iliyofunguliwa Mei 2006, inatoa bure picha ya utafutaji tangu Januari 2004, kwa nchi nzima au kwa jimbo, na haimwombi mtu kibali cha kamati ya maadili. Kwa daktari kijana anayehitaji makala ya kwanza kabla ya usaili, haijawahi kutokea neema kama hiyo. Utafutaji wa kupunguza tumbo la chakula, wa kurekebisha pua, wa kuongeza matiti, wa kubadilisha nyonga: karibu kila tawi la upasuaji lilipata makala yake. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2014 yalikusanya tafiti 70 za afya zilizotumia chombo hiki, na yakagundua kwamba ni chache mno zilizoeleza hatua zao vya kutosha kumwezesha mtu mwingine kuzirudia.

Hatua hizo zina maana kuliko zinavyoonekana. Mtu akifungua Google Trends anaona mstari unaopanda na kushuka kati ya 0 na 100, na akili inakimbilia kudhani kwamba 100 ni idadi ya kitu fulani. Siyo. Google huchukua sampuli ya utafutaji wote wa mahali hapo kwa kipindi hicho, ikaangalia ni sehemu gani yake ilihusu neno lako, kisha wiki ambayo sehemu hiyo ilikuwa kubwa kuliko zote ikapewa 100. Wiki nyingine zote zinapimwa dhidi ya hiyo. Ukibadilisha kipindi, kilele kinaweza kuhama, na namba zote zikahama nacho. Kwa maneno yenye watafutaji wachache, hata kipindi kilekile kikipakuliwa siku mbili tofauti kinaweza kutoa namba zisizolingana, kwa kuwa sampuli si ileile.

Kwa hiyo mstari hauonyeshi watu wangapi waliuliza. Unaonyesha swali hilo lilichukua nafasi kiasi gani kati ya maswali yote.

Tuchukue hesabu ya kubuni. Mwaka wa kwanza watu wanatafuta LASIK mara 1,000 katika utafutaji 1,000,000. Miaka michache baadaye wanaitafuta mara 1,200, lakini utafutaji wote sasa umefika 2,000,000. Idadi imeongezeka kwa asilimia 20. Sehemu yake imeshuka kutoka 0.10 hadi 0.06 kwa kila mia, yaani imeshuka kwa asilimia 40. Mstari utashuka, na kichwa cha habari kitasema watu wameichoka LASIK.

Sidai kwamba ndivyo ilivyokuwa Marekani. Kampuni kubwa haikimbilii mahakamani wateja wakiwa wamepanga foleni, na kila ushahidi mwingine wa miaka ile unaonyesha biashara ya LASIK ilinywea kwelikweli. Ninachosema ni kwamba mstari peke yake usingeweza kutuambia. Kati ya 2007 na 2011 intaneti ilihamia mfukoni. Watu wakaanza kuiuliza matokeo ya mpira, njia ya kufika harusini na maneno ya nyimbo, na kila swali jipya la namna hiyo lilizidisha kile ambacho LASIK inagawanywa nacho. Maneno mengi yaliyokuwa na nafasi kubwa mwaka 2004, wakati wenye intaneti walikuwa zaidi watu wa ofisini na vyuoni, yameshuka polepole bila kupoteza mpenzi hata mmoja. Mtafiti mwangalifu huweka pembeni neno jingine la jirani ili kulinganisha.

Kosa hilohilo lilijitokeza kwa sura nyingine mwaka 2020. Machi ya mwaka ule hospitali nyingi duniani ziliahirisha upasuaji usio wa dharura ili kupisha wagonjwa wa korona. Kundi la kimataifa la madaktari wa upasuaji lilikadiria kwamba operesheni milioni 28 zingeahirishwa au kufutwa ndani ya wiki 12 za kilele. Muda si mrefu zikatoka makala zikionyesha kwamba utafutaji wa upasuaji wa urembo ulianguka majira ya kuchipua na kuinuka tena baadaye. Hamu ilipungua kweli, nakubali. Lakini mwezi ule dunia nzima ilikuwa inauliza jambo moja, na jambo moja likijaza mizani, mengine yote huonekana mepesi, hata yale ambayo watu hawakuyaacha.

Mradi mashuhuri kuliko yote ya aina hii haukuhusu upasuaji, ila hauwezi kuachwa. Novemba 2008 Google ilianzisha huduma ya kukisia mafua ya msimu kwa kutumia utafutaji. Wataalamu wake walichambua maneno milioni 50 yanayotafutwa zaidi Marekani wakabaki na 45 yaliyokwenda sambamba na takwimu za wagonjwa waliokwenda kwa daktari. Miezi michache baadaye mlipuko wa H1N1 wa mwaka 2009 ukapita bila mtambo kuutambua ipasavyo. Msimu wa 2012 na 2013 mtambo ukakisia karibu mara mbili ya wagonjwa waliokuwepo. Uchambuzi uliotoka katika jarida la Science mwaka 2014 ulionyesha kuwa ulizidisha makisio katika wiki 100 kati ya 108, na mwaka uliofuata Google ikaacha kuyachapisha. Sababu moja inayotajwa ni kwamba vyombo vya habari vikipiga kelele kuhusu mafua, wenye afya nao hutafuta.

Wenye afya nao hutafuta. Kwa upasuaji wa hiari, sentensi hiyo ndiyo kiini cha tatizo, na hakuna aliyeidhihirisha vizuri kuliko Angelina Jolie.

Tarehe 14 Mei 2013 gazeti la New York Times lilichapisha makala ya mwigizaji huyo akieleza kwamba amebeba jeni ya BRCA1 yenye hitilafu, jeni inayozidisha sana uwezekano wa saratani ya matiti na ya ovari, na kwamba ameshaondolewa matiti yote mawili kabla ugonjwa haujafika. Siku ile utafutaji wa jina la jeni hiyo na wa upasuaji wenyewe ulichomoka kama mnara. Mtu aliyekuwa na Google Trends peke yake angeziambia hospitali ziajiri madaktari wa upasuaji.

Watafiti wawili wa Harvard hawakuridhika na mnara. Walichukua kumbukumbu za bima za mamilioni ya wanawake wa Marekani wenye umri wa miaka 18 hadi 64, wakahesabu vipimo na operesheni zilizolipiwa. Matokeo yao yalitoka katika jarida la BMJ mwaka 2016. Katika siku 15 za kazi kabla ya makala ya Jolie, vipimo vya jeni vilikuwa 0.71 kwa kila wanawake 100,000 kwa siku. Katika siku 15 zilizofuata vikawa 1.13, ongezeko la asilimia 64. Operesheni za kuondoa matiti hazikuongezeka. Zaidi ya hapo, miongoni mwa waliopima, sehemu ya waliofanyiwa upasuaji ndani ya siku 60 ilishuka kutoka asilimia 10 hadi asilimia 7.

Kushuka huko kunasema mengi. Kabla ya makala, waliokwenda kupima walikuwa zaidi ni wale ambao daktari alikwishawatilia shaka: mama alikufa kwa saratani, dada anaumwa, shangazi yuko kwenye matibabu. Baada ya makala wakaja wanawake waliokuwa na hofu zaidi kuliko hatari, kipimo kikawatuliza, wakarudi nyumbani. Katika soko lolote lenye watu, wanaouliza bei ni wengi kuliko wanaofungua pochi, na mwenye duka anayeagiza mzigo kwa kuhesabu wanaouliza atafilisika. Jolie aliwaongeza waulizaji. Hakuwaongeza wanunuzi, na kwa afya ya umma huenda ni heri hivyo.

Kwetu Afrika Mashariki mstari huo unaweza kubeba kitu kibaya zaidi ya udadisi. Mwaka 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya kufanyiwa upasuaji wa urembo, na kwa siku kadhaa habari hiyo haikutoka midomoni mwa watu, redioni na kwenye simu. Aliyeandika jina la upasuaji ule kwenye Google wiki hiyo alikuwa nani? Aliyeutamani, aliyeogopa kwa sababu binti yake ameutaja, mwanafunzi wa sheria, au mtu tu aliyechoka na foleni ya matatu? Mashine inawahesabu wote sawasawa. Hospitali za umma nazo zimeingia: Mloganzila, tawi la Hospitali ya Taifa Muhimbili, hutoa huduma ya puto la tumboni kwa wenye uzito uliozidi, na imefanya operesheni za kurekebisha maumbo. Kila huduma kama hiyo inapotangazwa, mitandao inawaka kwa utani na mabishano kuhusu shepu, na sehemu kubwa ya moto huo haitafika mapokezi.

Upande wa pili, uhitaji mkubwa unaweza kuwepo bila kugusa mstari kabisa. Mfano bora ninaoujua ni wa Iringa.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS walipendekeza tohara ya wanaume kama njia mojawapo ya kupunguza maambukizi ya virusi vya UKIMWI, baada ya majaribio ya Orange Farm nchini Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda kuonyesha kwamba inapunguza hatari kwa wanaume kwa takriban asilimia 60. Iringa ya wakati ule, kabla Njombe haijawa mkoa wake, ilikuwa na maambukizi ya asilimia 15.7, ya juu kuliko mkoa wowote nchini, huku wanaume waliotahiriwa wakiwa kama asilimia 29 tu. Serikali na wadau wakapanga kampeni ya wiki sita mwaka 2010, wakalenga wanaume na wavulana 6,000. Walitahiriwa 10,352.

Kampeni ilifanyika Juni na Julai, na uteuzi wa miezi hiyo haukutoka kwenye kompyuta. Kipupwe cha nyanda za juu, watu wa huko husema, ndicho wakati wa jando: kidonda hupona vizuri kwenye baridi. Shule nazo zimefungwa. Matangazo yalipita redioni na mitaani, na vijana wakajitokeza kwa wingi kiasi hicho. Hebu tuulize Google Trends ya mwaka ule ingeonyesha nini kwa Iringa. Neno likiwa na watafutaji wachache mno, chombo kinaandika 0. Sifuri hiyo haimaanishi kwamba hakuna mtu. Inamaanisha kwamba hawakufikia kiwango ambacho Google inakubali kukionyesha. Mpangaji asiyelijua hilo angetazama sifuri juu ya sifuri na kupeleka madaktari kwingine, huku vijana zaidi ya 10,000 wakisubiri baridi ianze.

Simu zimeenea sana tangu hapo, na leo kijana wa Mafinga, hukohuko Iringa, anaweza kuuliza kuhusu tohara bila kutazamana na nesi. Bado hatujui anauliza kwa maneno gani. Hawezi kuandika jina la kitabibu. Ataandika la mtaani, kwa Kiswahili, kwa Kihehe au kwa Kiingereza cha shule, na pengine hataandika popote kwa sababu atamtumia rafiki yake ujumbe wa sauti, au ataangalia video kwenye TikTok, ambako Google haihesabu. Hata huko Marekani maneno huwasumbua watafiti: jina la upasuaji wa kunyoosha ngozi ya uso ndilo pia wauza magari wanalotumia kwa toleo lililobadilishwa taa na bampa.

Kwa mkurugenzi wa hospitali ya Dar es Salaam anayetaka kujua kama anunue mashine ya leza, ningemshauri aanze na daftari la mapokezi. Nani alipiga simu, aliuliza nini, aliambiwa bei gani, alirudi lini. Akishakuwa na miezi kadhaa ya daftari hilo, auweke mstari wa Google juu yake na kuangalia kama vinakwenda pamoja, na kama daftari linafuata baada ya wiki mbili au miezi mitatu. Mstari uliopimwa hivyo unaweza kumsaidia kupanga zamu za Januari. Bila daftari, ni bora pesa ya mashine abaki nayo.

Zipo nyakati ambapo mstari hugonga ukweli. Tarehe 2 Mei 2022 rasimu ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ilivuja, ikionyesha kwamba haki ya kitaifa ya kutoa mimba inakaribia kufutwa. Tarehe 24 Juni hukumu yenyewe, ya kesi iitwayo Dobbs, ikatoka. Mara zote mbili utafutaji wa kufunga kizazi kwa wanaume uliruka juu, na waandishi wa habari wakaenda kuwahoji madaktari wa mkojo, ambao walisema simu hazipumziki. Huu haukuwa udadisi mtupu. Operesheni ni ya dakika chache, bima nyingi huilipia, na sababu ya kuifanya ilikuwa imeingia sebuleni kwa watu.

Rekodi za hospitali zilifika baadaye. Utafiti uliotoka mwaka 2024 katika jarida la JAMA Health Forum uliwaangalia vijana wa miaka 18 hadi 30, na ukathibitisha kwamba operesheni za wanaume zilipanda ghafla baada ya Dobbs. Ulihesabu pia upande ambao wanahabari hawakuupigia simu sana. Kufunga mirija kwa wanawake, upasuaji mkubwa zaidi, wa gharama zaidi na wenye hatari zaidi, kuliruka kwa takriban mara mbili ya ongezeko la wanaume. Na baada ya mruko huo wa kwanza, idadi ya wanaume ilibaki pale ilipofika, ya wanawake ikaendelea kupanda mwezi kwa mwezi.